Robert Koch: Nani Alilipia Dawa, Nani Alilipa kwa Macho

Wengi wetu jina la Robert Koch tumelikuta darasani. Mwalimu anaandika ubaoni mwaka 1882, anaandika bakteria wa kifua kikuu, mnanakili, mnasonga mbele kwenye mada nyingine. Kwenye mtihani likija swali unapata maksi zako mbili, basi, Koch kaisha. Wachache tunaambiwa kwamba mzee huyu aliishi Dar es Salaam, kwamba alifanya kazi Amani kule Tanga, kwamba alipita Mwanza, na kwamba majaribio yake makubwa ya mwisho ya dawa aliyafanya hapa kwetu, visiwani katika Ziwa Victoria, kwenye miili ya watu wetu.

Kuna jambo lingine ambalo halifundishwi kabisa, nalo ni pesa. Utafiti wa dawa ni ghali. Kuna kemikali, kuna vifaa, kuna wanyama wa maabara, kuna safari, kuna mishahara. Mtu hawezi kuamka asubuhi akatengeneza dawa kwa akili tupu. Kwa hiyo katika makala haya nasimulia maisha ya Koch kwa kufuata pesa: kila hatua tujiulize ni nani aliyekuwa analipa, alitaka nini, na gharama nyingine, ile isiyoandikwa kwenye hesabu, ilimwangukia nani. Nasomea ualimu wa kemia na baiolojia, na naona mwanafunzi nitakayemfundisha kesho ana haki ya kuijua hadithi yote, si nusu.

Mtoto wa mji wa migodi

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji mdogo kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Clausthal ulikuwa mji wa migodi, watu wakichimba fedha na risasi. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na nyumba ilikuwa na watoto 13. Sisi tuliokulia Shelui, chini ya mlima Sekenke, mji wa namna hiyo tunaujua. Ni mji ambao utajiri unatoka ardhini na kupanda lori kwenda kwingine, na vumbi linabaki kwenye vifua vya wachimbaji. Kumbuka hilo la vumbi, maana tutalirudia.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, akamaliza udaktari mwaka 1866. Mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz, wakapata mtoto mmoja wa kike, Gertrud. Alihangaika na vibarua vya udaktari huku na huku, akajitolea kwenye vita vya Ujerumani na Ufaransa mwaka 1870, na mwaka 1872 akaajiriwa kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wolsztyn.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, na hapo hakukuwa na ruzuku ya utafiti hata senti. Hakuwa na chuo kikuu karibu, hakuwa na maktaba ya maana, hakuwa na profesa wa kumsimamia. Alikuwa na darubini, na inasimuliwa kwamba ilinunuliwa kwa akiba ya nyumbani. Mchana alitibu wagonjwa, jioni alijifungia kwenye kona aliyoitenga kwa pazia akachunguza damu ya mifugo waliokufa kwa kimeta. Alichoma panya kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa damu hiyo. Bakteria aliwaotesha kwenye majimaji ya jicho la ng'ombe, kwa sababu ndicho kitu safi na kinachopenya mwanga alichoweza kukipata bila gharama. Sisi tunaolia kwamba bumu limechelewa na utafiti wa mwaka wa tatu umekwama, tumtazame hapa kidogo.

Mwaka 1876 alibeba vifaa vyake hadi Breslau, akamwonyesha mtaalamu wa mimea Ferdinand Cohn jinsi bakteria wa kimeta wanavyojigeuza kuwa mbegu ngumu zinazokaa udongoni miaka mingi. Cohn alielewa mara moja kwamba yuko mbele ya jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza ilionyeshwa wazi kuwa bakteria wa aina fulani ndiye anayeleta ugonjwa fulani.

Serikali inafungua mfuko

Baada ya hapo pesa zilianza kumfuata. Mwaka 1880 aliitwa Berlin kwenye Ofisi ya Afya ya Dola, akapewa maabara na wasaidizi. Usidharau tofauti inayoletwa na maabara. Ndani ya miaka michache tu kundi lile lilitengeneza njia ambazo tunazitumia hadi leo kwenye vipindi vya vitendo. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti, ndiye aliyependekeza watumie aga, kitu kinachotokana na mwani, alichokuwa akikitumia jikoni kugandisha vyakula vyake. Msaidizi mwingine, Julius Petri, alibuni kile kisahani chenye mfuniko ambacho kila aliyeingia maabara anakijua kwa jina lake. Petri jina lake limebaki kwenye kisahani. Mama Hesse hakupata jina wala malipo.

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama mbele ya wanasayansi wa Berlin akaonyesha bakteria wa kifua kikuu. Wakati ule ugonjwa huo ulikuwa ukiua karibu mtu mmoja kati ya kila saba Ulaya. Mwaka 1883 serikali ilimtuma Misri kisha India kufuata kipindupindu, na aliporudi mwaka 1884 akiwa amempata bakteria wake, alipokelewa kama shujaa wa vita na kuzawadiwa marki 100,000. Mwaka 1885 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Berlin.

Sasa, kwa nini serikali ilikuwa mkarimu hivyo? Upendo wa elimu ulikuwepo, ndiyo. Lakini Ujerumani ilikuwa inashindana na Ufaransa, na Ufaransa ilikuwa na Louis Pasteur. Kila ugunduzi wa Berlin ulikuwa bao dhidi ya Paris. Pesa za namna hiyo zinakuja na haraka yake. Anayelipa anataka ushindi, na anautaka mapema.

Dawa ya siri

Haraka hiyo ndiyo iliyomponza. Agosti 1890, kwenye mkutano mkubwa wa kimataifa wa madaktari uliofanyika Berlin, Koch alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Dunia nzima ilisimama. Wagonjwa walipanda treni kutoka kila upande, hoteli za Berlin zikajaa watu wanaokohoa damu.

Tatizo ni kwamba alikataa kusema dawa hiyo, tuberkulini, imetengenezwa kwa nini. Kwa sababu za biashara, siri hiyo ilikuwa na faida. Alikuwa kwenye mazungumzo na serikali ya Prussia: alitaka taasisi yake mwenyewe ya utafiti, na alitaka faida ya mauzo ya dawa, faida ambayo yeye mwenyewe alikadiria kuwa ya mamilioni ya marki kwa mwaka. Kanuni ya sayansi inasema mwenzako lazima aweze kurudia ulichofanya. Siri ya biashara inasema mwenzako asijue. Huwezi kuzitumikia zote mbili.

Wagonjwa walianza kufa. Rudolf Virchow, daktari bingwa wa kupasua maiti, alionyesha mapema mwaka 1891 kwamba kwa baadhi ya waliochomwa sindano ile ugonjwa ulikuwa umetawanyika mwilini badala ya kupoa. Koch akalazimika kutoa siri. Kumbe ilikuwa ni rojo ya bakteria wa kifua kikuu iliyotolewa kwa gliserini, basi. Haikuponya. Baadaye iligeuzwa kuwa kipimo cha ngozi cha kutambua aliyeambukizwa, na kwa kazi hiyo inatumika hadi leo.

Ajabu ni kwamba taasisi yake aliipata. Mwaka huohuo 1891 Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ilifunguliwa Berlin na yeye akawa mkurugenzi. Pesa zilikuwa zimeshaahidiwa wakati wa shangwe, na serikali haikutaka kuonekana imedanganyika. Jina lake kama mganga lilichafuka, ndoa yake ikavunjika, mwaka 1893 akamwoa Hedwig Freiberg, binti mdogo kwake kwa karibu miaka 30. Na kuanzia hapo mzee akaanza kutazama mbali na Berlin. Akaanza kutazama huku kwetu.

Mtafiti wa makoloni

Mwishoni mwa mwaka 1896 alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, kwa ajili ya sotoka, ugonjwa uliokuwa umefagia ng'ombe wa bara hili na kuwaacha wafugaji mikono mitupu. Kutoka huko alikwenda India kwenye tauni, na katikati ya mwaka 1897 akafika Dar es Salaam. Alikaa hadi mwaka 1898 akichunguza malaria, magonjwa ya mifugo na tauni ya upande wa Bukoba. Baadaye alikwenda New Guinea kwa malaria, akajaribu kuisafisha kwa kugawa kwinini. Mwaka 1903 alikuwa Bulawayo kwa ndigana kali. Mwaka 1905 alirudi tena Afrika Mashariki ya Kijerumani, akaingia bara, na humo akaeleza jinsi papasi, wale kupe wa kwenye sakafu za udongo, wanavyobeba homa ya papasi na kuirithisha kwa mayai yao. Bibi zetu waliokuwa wakikataa kulala kwenye vibanda vya njiani walikuwa na sababu.

Tazama orodha hiyo na ujiulize mlipaji ni nani. Ni serikali za kikoloni. Ng'ombe wakifa, hakuna wa kukokota magari ya mizigo. Watu wakiugua malaria, hakuna wa kulima mashamba ya mkonge na pamba wala kujenga reli. Simaanishi kwamba Koch hakujali uhai wa watu. Nasema bajeti ilipangwa na watu waliohitaji nguvukazi, na maswali ya utafiti yalifuata bajeti. Desemba 1905 alipokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Miezi michache baadaye alikuwa kwenye meli tena.

Sese, 1906

Safari hii ilikuwa ya malale. Tangu mwanzoni mwa karne ile ugonjwa wa malale ulikuwa umeangamiza watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Mwaka 1903 David Bruce alikuwa ameshathibitisha kwamba mbung'o ndiye anayesambaza. Ujerumani iliona moto unakaribia ukingo wake wa ziwa, ikatoa fedha za msafara, na Koch akawa kiongozi wake. Akaanzia Amani, akapita Mwanza, na kufikia Agosti 1906 alikuwa amepiga kambi Bugala, visiwa vya Sese, kwa ruhusa ya Waingereza.

Dawa aliyokuja nayo iliitwa atoxyl. Jina lenyewe lilitungwa kumaanisha kitu kisicho na sumu, lakini ndani yake kulikuwa na aseniki, sumu ambayo binadamu ameijua tangu zamani. Mwaka 1905 watafiti wa Liverpool walikuwa wameonyesha kwamba inaua vimelea vya jamii ya malale katika wanyama. Koch akataka kujua kwa binadamu.

Watu walikuja wengi. Walikuja kwa mitumbwi kutoka visiwa vingine, wengine wakibebwa na ndugu zao, kwa sababu malale yakishaingia kichwani hayana mswalie mtume, mgonjwa anakufa. Katika miezi michache zaidi ya wagonjwa 1,000 walichomwa sindano. Mwanzoni matokeo yalipendeza. Vimelea vilitoweka kwenye tezi na damu, waliokuwa hawawezi kusimama walisimama, waliokuwa wakisinzia wakila walianza kula wenyewe.

Halafu vimelea vikarudi. Koch akaongeza dozi, hadi gramu nzima kwa sindano moja, mara mbili ya ile ya awali. Baadhi ya wagonjwa wakaanza kulalamika macho. Zaidi ya watu 20 walipofuka, na hawakuona tena. Aseniki ilikuwa imeunguza mshipa wa fahamu wa jicho. Hapo akaacha dozi kubwa akarudi kwenye ile ya mwanzo.

Tuwe waungwana kwenye hukumu. Bila dawa watu wale wangekufa, na Koch hakupanga kumpofua mtu. Lakini tusiwe waungwana kupita kiasi. Hakuna aliyewaeleza wagonjwa wale kwamba wanapewa kitu kinachojaribiwa, kwamba dozi inapandishwa ili kuona itakuwaje, kwamba wanaweza kukataa. Ulaya wakati ule kesi za madaktari waliojaribu vitu kwa wagonjwa bila ridhaa zilikuwa zimeshazua kelele, na mwaka 1900 Prussia ilikuwa imetoa agizo kwa hospitali zake kuhusu ridhaa ya mgonjwa kwenye majaribio. Agizo hilo halikupanda meli kuja Sese. Na majina ya wale waliopofuka huyakuti kwenye vitabu tunavyosoma, wakati jina la Koch limeandikwa kwa herufi nene.

Koch aliondoka mwishoni mwa mwaka 1907. Alipendekeza vichaka vya ukingoni vifyekwe, mamba wapunguzwe kwa kuwa mbung'o walikuwa wakinyonya damu yao, na wagonjwa wakusanywe kwenye kambi maalumu. Wajerumani walifungua kambi hizo upande wetu, Shirati mkoani Mara na Kigarama karibu na Bukoba zikiwemo, na atoxyl ikaendelea kuchomwa. Wagonjwa wengi walitoroka. Kwenye taarifa za ofisi utoroshaji huo uliitwa ujinga wa wenyeji. Mimi naona mtu aliyemwona jirani yake amepofuka ana hesabu zake.

Kilichozaliwa na atoxyl

Wakati Koch yuko Sese, rafiki yake wa zamani Paul Ehrlich, aliyewahi kufanya kazi kwenye taasisi yake, alikuwa Frankfurt akiitazama atoxyl kwa jicho la kemia. Hapa mlipaji alikuwa mwingine. Franziska Speyer, mjane wa mwenye benki, alitoa mali ya marehemu mumewe kujenga nyumba ya utafiti iliyofunguliwa mwaka 1906 kwa ajili ya dawa za kemikali, na viwanda vya kemikali vikawa washirika. Mwaka 1907 Ehrlich na Alfred Bertheim walionyesha kwamba muundo wa atoxyl uliokuwa ukiaminika haukuwa sahihi. Ukishajua muundo wa kweli unaweza kubadilisha kipande hiki, kuongeza kile, ukatengeneza ndugu wa dawa hiyo mamia kwa mamia na kumpima kila mmoja. Hiyo ndiyo kemia ya dawa kama tunavyoijua leo.

Kiungo chenye namba 606 kilionyeshwa na Sahachiro Hata mwaka 1909 kuwa kinatibu kaswende. Mwaka 1910 kampuni ya Hoechst iliingiza sokoni dawa hiyo kwa jina la Salvarsan, nayo ikawa dawa iliyouzwa kila kona ya dunia. Angalia mzunguko huo. Njia ilianza na vimelea vya malale, ikapita kwenye dawa iliyopofua watu wa Sese, ikaishia kwenye ugonjwa ambao Ulaya ilikuwa na pesa za kuununulia tiba. Malale yakaambiwa yasubiri.

Koch mwenyewe hakuishi kuona mengi ya hayo. Mwaka 1907 mfuko wa utafiti wa kifua kikuu ulikuwa umeanzishwa kwa jina lake, na tajiri wa Marekani Andrew Carnegie akauchangia marki 500,000. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa kwenye taasisi yake Berlin. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, 1909, Wajerumani walikuwa wameanza kuchimba dhahabu Sekenke, kwetu. Dhahabu hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kupiga zile sarafu za Tabora zenye picha ya tembo, kulipia vita. Kwa hiyo ardhi ile ilikuwa na uwezo wa kulipia mambo. Swali ni nani aliyepanga ilipie nini.

Baada yake

Mtindo haukufa na Koch. Mwaka 1916 Bayer walipata dawa nyingine ya malale, tunayoiita suramini. Kleine, aliyekuwa msaidizi wa Koch, aliongoza majaribio yake Rhodesia na Kongo baada ya vita. Kampuni ilificha muundo wake, hadi Mfaransa Ernest Fourneau alipouchapisha mwaka 1924. Siri tena, kama tuberkulini. Mwaka 1949 ikaja melarsoproli, nayo ya aseniki, inayoua kama wagonjwa 5 kati ya kila 100 wanaotibiwa, na kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo mgonjwa akishafikwa kichwani. Dawa nyingine, eflonithini, iliachwa kutengenezwa miaka ya 1990 kwa kuwa wagonjwa wa malale hawana pesa. Ikapatikana tena mwaka 2001 baada ya kelele kubwa, wakati dawa hiyohiyo ilikuwa imeshaanza kuuzwa kama krimu ya kuzuia nywele za usoni.

Halafu kuna fexinidazole, vidonge vya kumeza. Kiungo hiki kilibuniwa zamani na Hoechst, ileile ya Salvarsan, kikawekwa kabatini kwa kukosa soko. Mwaka 2005 kilifukuliwa na DNDi, asasi isiyo ya faida inayolipiwa na michango ya serikali na wahisani. Mwaka 2018 kilipitishwa kwa malale ya Afrika Magharibi na Kati, na mwishoni mwa mwaka 2023 kwa aina ya kwetu ya Afrika Mashariki, baada ya majaribio ya Malawi na Uganda. Yaani tangu Sese hadi kidonge kisicho na aseniki kwa mgonjwa wa upande wetu imepita zaidi ya miaka 110. Kemia ilichangia ucheleweshaji huo. Lakini kiungo kilichokaa kabatini hakikukaa kwa sababu ya ugumu wa kemia. Kilikaa kwa sababu hakuna aliyelipa.

Sisi wa leo

Kwa nini haya yanatuhusu sisi tunaokimbizana na semista? Kwa sababu kifua kikuu cha Koch bado kiko Shelui. Mchimbaji mdogo anayevuta vumbi la mwamba kutwa nzima kifua chake kinachoka, na bakteria yule wa 1882 anapata mlango. Tiba hospitali za serikali ni bure, hilo ni jambo jema. Lakini dawa zenyewe, utafiti wake ulilipiwa wapi? Vituo vya Mbeya na Bagamoyo vimeshiriki majaribio ya kufupisha tiba ya kifua kikuu, na sehemu kubwa ya fedha imetoka mfuko wa ushirikiano wa Ulaya na Afrika. Sweden imesomesha na kugharamia watafiti wa vyuo vyetu tangu miaka ya 1970. Tunashukuru kweli. Lakini mwenye kulipa zumari ndiye anayechagua wimbo, na Koch ni ushahidi wa maisha mazima.

Vyombo tunavyo. NIMR iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, COSTECH kwa sheria ya mwaka 1986. Muhimbili walianza kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, na mtandao wa watafiti wa kemia ya mimea wa Afrika Mashariki na Kati, NAPRECA, ulianzishwa mwaka 1984. Nchi za Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Kukubaliana ni rahisi. Kufika huko bado ni mlima kuliko Sekenke.

Mimi sina mamlaka ya bajeti, na wewe huna. Lakini kuna mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Ukisoma makala ya utafiti, nenda kwanza kwenye mstari unaotaja mfadhili, ndipo usome matokeo. Ukienda kijijini na dodoso lako la mwaka wa tatu, fomu ya ridhaa isiwe karatasi ya kusainiwa haraka haraka ili uwahi basi. Isome kwa Kiswahili, subiri mtu aulize, na akikataa mshukuru uondoke. Ukimaliza, rudisha majibu kwa waliokupa majibu. Leo sheria yetu inadai kibali cha maadili kabla ya kumgusa mgonjwa kwa jaribio. Kibali hicho tusikione kama usumbufu wa ofisi. Watu wa Sese hawakuwa nacho.

Na kwetu walimu watarajiwa, ombi ni dogo zaidi. Siku ukifika kwenye mada ya bakteria, andika ubaoni 1882 kama kawaida, maana kazi ile ni kubwa na inastahili heshima yake. Kisha chini yake andika 1906, Sese. Waambie wanafunzi kwamba kulikuwa na watu zaidi ya 20 ambao macho yao yaliingia kwenye historia ya dawa, na wala hatukufundishwa kuwakumbuka. Dakika tano zinatosha. Darasani atakuwepo mmoja ambaye siku moja ataketi kwenye kamati ya kugawa fedha za utafiti, na ni vizuri awe ameshasikia.